Hiyo 3D haijapima kitu

Wiki hii tena mgonjwa kanisogezea simu: utumbo wa rangi unazunguka kama ramani ya milima. "Daktari, si mnipe kidonge cha kamera nimeze? Kinapima kila kitu kwa 3D."

Hakipimi. Kinakisia.

Kidonge cha utumbo mpana kina kamera mbili, ndiyo, na watu wakisikia mbili wanafikiria macho. Macho yako yanaona kina kwa sababu yote yanatazama kikombe kilekile. Hizi zimepeana mgongo, moja huku, nyingine kule. Kila moja ni chongo.

Kina kinatoka wapi, basi? Kwenye mwanga. Taa iko ubavuni mwa lenzi, kwa hiyo kilicho karibu kinang'aa na kilicho mbali kinafifia. Programu inageuza mng'ao kuwa kimo. Ukuta ungekuwa mkavu na wa rangi moja, sawa. Utumbo umelowa. Tone la maji likirudisha mwanga, panachorwa kilele. Damu iliyoganda ni nyeusi, inakuwa shimo. Nimewahi kuzungusha "polipu" (kinyama kinachoota ukutani mwa utumbo) robo saa nzima, ina shingo na kila kitu; nikarudi kwenye picha bapa, kumbe povu.

Wajuzi wataniambia tupate kina kwa kulinganisha picha zinazofuatana. Kidonge hupiga kati ya 4 na 35 kwa sekunde kulingana na mwendo, lakini chenyewe kinabingirika na utumbo nao unajiminya. Nani amesogea, kamera au ukuta?

Na ukubwa, hapo ndipo napandisha sauti. Polipu ya milimita 6 kwenda juu kwa kawaida inakupeleka kwenye kolonoskopi, yaani bomba lenye kamera linaloingizwa kwa njia ya haja kubwa. Sasa funga jicho moja, nyoosha kidole gumba kuelekea mwezi: kinaufunika wote. Umbo likipatikana sawasawa, bado halina rula.

Sisemi itupwe. Kinundu chenye rangi ya ukuta wakati mwingine nakiona haraka zaidi kwenye 3D. Au labda inanivutia tu nikatulia kutazama, sijui. Ninachojua ni kwamba polipu bapa, zile ninazoziogopa hasa, hazina kimo cha kuchorwa.

Halafu kidonge hakina koleo. Kikiona, hakikati.

Mgonjwa akafunga simu. "Angalau ile dawa ya kusafisha utumbo siinywi."

Unakunywa, tena zaidi. Kwenye kolonoskopi nasuuza njiani. Kidonge hakibebi maji.