Oili nyeusi si lazima iwe imekwisha

Wengi wakichomoa stiki ya kupimia oili ya injini na kukuta oili nyeusi, husema imekufa. Rangi peke yake haithibitishi hivyo. Oili ya injini ina kemikali za kusafisha zinazoyashika masizi yasigande kwenye vyuma, kwa hiyo kuwa nyeusi mara nyingi ni dalili kwamba inafanya kazi. Kwenye dizeli huweza kugeuka siku chache tu baada ya kubadilishwa! Rangi ya kutisha ni ya chai ya maziwa: huenda maji yameingia, usiwashe gari kabla fundi hajaliangalia. Vinginevyo, kubadilisha oili, fuata kilomita au miezi iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kitakachotangulia. Safari fupifupi, injini isipopata moto vizuri, huichosha oili mapema, hata kama bado inang'aa.