Ufunguo wa Siri Hautumwi kwa Barua Pepe

Tangu mwongozo mpya wa kufanya kazi nje ya ofisi uanze kutumika, dawati letu la TEHAMA linapokea malalamiko ya watumishi wanaoshindwa kuingia kwenye kompyuta zao za Linux wakiwa na kompyuta mpakato za Windows. Mengi yanafanana, hivyo tunayajibu kwa pamoja.

Hakuna programu ya kununua. Windows 10 inakuja na SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kupitia mtandao, tangu 2018. Washa VPN (njia salama ya kuingia mtandao wa ofisi), fungua PowerShell (dirisha la kuandikia amri), unganisha kama kawaida.

Tatizo kubwa ni ufunguo, yaani faili inayokutambulisha kwenye mashine badala ya nywila. Amri ya ssh-keygen hutengeneza faili mbili. Tunayoiomba ni ile inayoishia na .pub, yaani ufunguo wa wazi. Ya pili, ufunguo wa siri, haitoki kwenye mpakato wako: si kwetu, si kwa bosi wako, si WhatsApp. Fomu inasema hivyo kwa herufi kubwa, na bado tunaletewa. Ukiituma, ufunguo wako hufutwa kwenye authorized_keys (orodha ya funguo zinazoruhusiwa) siku hiyohiyo na akaunti hufungwa. Utajaza fomu ya tukio, mkuu wa idara ataisaini, utatengeneza jozi mpya, ndipo ufunguliwe. Fomu isiyo na saini hurudishwa ilivyo. Ukirudia, utatoa maelezo kwa maandishi.

Wapo wanaotaka tuwafungulie mlango wa mtandao namba 3389, unaotumiwa kuona skrini ya kompyuta iliyo mbali, moja kwa moja kwenye intaneti ili waone skrini nzima. Hapana. Na kubadilisha namba ya mlango hakumfichi mtu. Roboti za wavamizi hupekua milango yote bila kuchoka. SSH yenyewe ilibuniwa Ufini mwaka 1995 baada ya nywila kudukuliwa kwenye mtandao wa chuo kikuu. Skrini ipitishwe ndani ya SSH, basi.

Ukikutana na skrini nyeusi, kompyuta haijaharibika. Mara nyingi uliondoka ofisini bila kutoka kwenye akaunti yako, na xrdp, programu ya Linux inayokuletea skrini hiyo, inagongana na kikao kilichobaki wazi. Kuzima kioo si kutoka.

Mwisho, onyo kwamba utambulisho wa mashine umebadilika. Huenda tumeisimika upya. Huenda kuna mtu aliyejipenyeza kati yako na mashine hiyo. Tafadhali usifute mstari kwenye known_hosts (faili ya mashine ambazo mpakato wako unazitambua) kwa sababu rafiki alikuelekeza. Piga simu dawatini tukusomee alama sahihi ya utambulisho wa mashine, uilinganishe na unayoiona, herufi kwa herufi.