Acheni kuwapima wasichana urefu: dhana potofu kuhusu polo ya majini

"Kocha, binti yangu anaupenda sana huu mchezo, ila urefu hana." Kila msimu wa kuandikisha wachezaji wapya wa polo ya majini, mchezo wa timu mbili zinazorushiana mpira bwawani na kufungana mabao, naisikia sentensi hii, kwa wazazi, kwa walimu wa michezo, hata kwa wasichana wenyewe. Wengine huisema binti akiwa pale pale, anasikia. Imenichosha.

Brenda Villa ana urefu wa takriban sentimita 163. Alicheza Olimpiki nne akiwa na timu ya Marekani, kuanzia Sydney 2000, pale polo ya majini ya wanawake ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, hadi London 2012. Hakutoka mikono mitupu hata mara moja: fedha, shaba, fedha, kisha dhahabu. Katikati ya hapo akatwaa ubingwa wa dunia mwaka 2003, 2007 na 2009. Binti wa kimo chake akija leo kwenye baadhi ya mabwawa yetu, ataambiwa akajaribu mchezo mwingine kabla hata hajalowa.

Urefu unasaidia, sikatai. Kipa mwenye mikono mirefu hufunika goli kwa urahisi zaidi, na mshambuliaji wa kati, anayegombea nafasi na beki mbele ya goli dakika zote, hufaidika na mwili mkubwa. Lakini majini hakuna anayesimama. Kukanyaga sakafu ni kosa kwa wachezaji wote isipokuwa kipa, na kwenye kina cha mita 2 hata ukitaka huna pa kukanyaga. Kimo chako kwenye mchezo huu ni kile ambacho miguu yako inaweza kukuinua. Msichana mfupi mwenye miguu iliyofundishwa hupiga shuti akiwa juu kuliko mrefu anayening'inia majini mpaka shingoni.

Vaa miwani, zama, umtazame mchezaji aliyeiva anaposubiri pasi. Juu ametulia kabisa. Chini, mgongo umenyooka, magoti yameinuka na kupanuka kama mtu aliyekaa kitini, na kila mguu unazunguka upande wake kwa zamu. Mmoja unaposukuma maji, mwenzake unarudi kujiandaa, kwa hiyo mwili haupati nafasi ya kushuka. Anayepiga teke la chura, miguu yote miwili pamoja, hupanda na kushuka, hupanda na kushuka, na beki mjanja humsubiri pale anaposhuka.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kila anayekuja ni mmoja, na sitauacha: kabla ya kugusa mpira, dakika 10 za miguu peke yake, mikono juu, viwiko nje ya maji. Viwiko vikianza kuzama, pumzika kidogo, anza upya. Na nje ya bwawa, nyosha nyonga kila siku. Nyonga ikikaza, goti ndilo linalobeba mzigo, na maumivu ya upande wa ndani wa goti yamewatoa mazoezini wasichana wazuri ambao walihitaji tu mtu wa kuwakumbusha jambo hilo.

Dhana potofu si hiyo ya urefu tu. "Anaogelea kwa kasi, atafaa." Huenda. Muogeleaji hodari hushangaa akitakiwa kuogelea kichwa kikiwa juu, mpira ukielea katikati ya mikono, asimame ghafla, ageuke, na arudi kukaba. Kasi ni mwanzo mzuri, na waliotoka kwenye kuogelea hujifunza upesi, mradi wakubali kuanza upya na miguu.

"Polo ya wanawake ni laini." Hapana. Aliye na mpira mkononi anaruhusiwa kukabwa mpaka azame. Ukimshika, ukimzamisha au ukimvuta nyuma asiye nao, unatolewa kwa muda, na ukitolewa mara tatu mchezo wako umeisha. Hata kucha hukaguliwa kabla ya mechi, maana sehemu kubwa ya ugomvi hufanyika chini ya maji, refa asikoona vizuri.

"Hakuna timu ya wasichana hapa, basi tena." Villa alicheza na wavulana akiwa sekondari huko California, kwa kuwa shule yake haikuwa na timu ya wasichana.

Halafu kuna hii ya kwamba bingwa huonekana mapema, na asiyeng'aa mapema aache. Fainali ya Sydney, Marekani ilifungwa 4-3 na Australia kwa bao la sekunde za mwisho. Athens 2004 ikaambulia shaba. Beijing 2008 ikapoteza fainali kwa Uholanzi, 9-8. Villa alikuwa na miaka 32 walipoifunga Hispania 8-5 kwenye fainali ya London 2012 na hatimaye kuvaa dhahabu. Katika mechi hiyo hiyo Maggie Steffens, mwenye miaka 19, alifunga mabao 5. Mmoja alikuwa anaaga Olimpiki, mwingine ndiyo kwanza anaingia, na timu iliwahitaji wote wawili. Kwa hiyo anayeniuliza kama binti wa miaka 22 amechelewa kuanza, jibu langu ni hapana. Aje na suti ya kuogelea na miwani, na asiniletee vipimo vya urefu wake.