Magma ya bamba linalozama: maji ndiyo huyeyusha mwamba

Bamba la sakafu ya bahari linapozama chini ya bamba jingine, juu yake huota safu ya volkano. Wengi hudhani bamba hilo huyeyuka lenyewe, au msuguano ndio huliyeyusha. Sivyo. Kwa kawaida huwa baridi mno lisiyeyuke. Kinachofanya kazi ni maji lililoyabeba.

Maji hayo yamefungwa ndani ya madini. Serpentini, kwa mfano, ina takriban asilimia 13 ya maji kwa uzito. Bamba likifika kina cha kilomita 100 hivi, madini mengi ya aina hiyo yameshavunjwa na joto na mgandamizo. Maji hupanda na kuingia katika mwamba moto wa mantili (tabaka lililo chini ya ganda la dunia) ulio juu ya bamba. Mwamba huo ukiwa mkavu, kwa kina hicho hudai karibu nyuzi 1,500 za Selsiasi ili uyeyuke. Ukilowa, huanza kuyeyuka mamia ya nyuzi chini ya hapo, bila kuongezewa joto.

Kinachopatikana ni magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ya aina ya basalti, yenye silika (kampaundi ya silikoni na oksijeni) karibu asilimia 50. Mara nyingi hukwama ndani ya ganda la dunia na kuanza kupoa. Fuwele za olivini, madini ya kijani, hujitenga mapema. Zenyewe zina silika asilimia 40 tu, hivyo kimiminika kinachobaki huzidi kuwa na silika: basalti huwa andesiti, kisha dasiti. Njiani pia huyeyusha miamba ya ganda. Maji hayaingii katika olivini, kwa hiyo hurundikana kwenye kimiminika.

Lava ya Nyiragongo, volkano ya bonde la ufa, ina silika kidogo na hutiririka kama uji mwepesi. Dasiti ni ugali.

Pinatubo, Ufilipino, 1991: dasiti ya nyuzi 780 hivi ilikuwa imekaa kilomita kadhaa chini, basalti moto zaidi ikaiingilia. Tarehe 7 Juni kuba la lava likachomoza: andesiti, mchanganyiko wa hizo mbili, ikiwa na mabonge meusi ya basalti ndani. Ushahidi ulio wazi kuliko huo ni nadra kuupata. Tarehe 15 dasiti yenyewe ikalipuka. Ikiwa kilomita 7 au 8 chini, magma huweza kushika maji asilimia 6. Karibu na uso hushika kidogo sana. Yanayobaki hutoka kama mapovu, nayo yakishindwa kupenya ule uzito wa ugali huirarua magma kuwa majivu na pumisi, lile jiwe jepesi la kusugulia visigino. Pumisi ya Pinatubo ni nyeupe, na vijiti vyake vyeusi ni hornblendi, madini yenye maji ndani.