Kufunga tumbo hakuzuii makovu ya ndani
Baada ya upasuaji wa kujifungua, akina mama wengi huambiwa wajifunge kanga kwa nguvu na kukandwa kwa maji ya moto ili utumbo usigandane. Kanga hupunguza maumivu ukikohoa au kuinuka, basi. Ndani haifiki.

Kugandana huko husababishwa na makovu ya ndani, nayo huanzia kwenye meza ya upasuaji. Utando laini unaofunika viungo ukichubuka au kukauka, hutokea nyuzi zinazonata za fibrini (protini inayogandisha damu). Kwa kawaida mwili huziyeyusha ndani ya siku chache. Pakiwa na damu iliyoganda au maambukizi, nyuzi hizo hubaki, na kovu hujengeka juu yake.

Kinga, basi, iko zaidi mikononi mwa daktari: kushika viungo kwa upole, kuvilowesha, kuzuia damu isivuje, kutumia glavu zisizo na unga (Marekani ilipiga marufuku zenye unga mwaka 2017). Hata hivyo, hakuna kinga kamili.

Kutembea mapema kunasaidia damu isigande miguuni, ila hakuyeyushi kovu. Nayo maji ya moto huweza kuunguza ngozi ya mshono, ambayo mara nyingi ina ganzi.

Makovu hayo huweza kuziba utumbo. Tumbo likisokota na kuvimba, ukatapika na usitoe hewa kwa njia ya haja kubwa, hata miaka mingi baada ya upasuaji, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usikandwe.