Ndege sio wa kurushwa ndio upate video

Tangu maji ya Ziwa Nakuru yaanze kupanda hapo 2010 swali ni lile lile, flamingo, wale ndege wa pinki, walienda wapi, na kuna wanaosema eti ni watu waliwahamisha. Hakuna mtu anahamisha flamingo jamani. Maji yakijaa, chumvi inapungua, ule mwani wanaokula unakuwa haba, basi wanaondoka usiku wanashukia maziwa mengine, Bogoria ama Elementaita, na hali ikikubali wanarudi. Ukikuta wachache usirudi getini kudai pesa, tiketi ni ya kuingia hifadhi.

Malalamiko tunayopata siku hizi ni ya hawa watu wa video. Mtu anashuka kwa gari mahali hakuruhusiwi kushuka, anakimbilia ufuoni akipiga makofi ndio flamingo waruke huko nyuma yake kuwe pinki. Flamingo hapai tu kutoka pale alipo, lazima kwanza akimbie juu ya maji akipiga mabawa, na hiyo nguvu yote inatoka kwa chakula anachochuja kidogo kidogo kichwa kikiwa chini juu. Wewe unawarusha, ukitoka anakuja mwingine anawarusha, sasa watakula saa ngapi?

Kule kinamasi cha Dunga, Kisumu, shida ni spika. Kwa mafunjo, yale matete marefu ya majini, kuna ndege anaitwa gonoleki, mweusi mgongoni, kifua chekundu, utosi wa manjano, na makao yake ni hayo mafunjo tu. Watu wanamchezea sauti yake kwa simu ndio atoke. Anatoka kweli, lakini anatoka kupigana, anadhani kuna dume ameingia kwake, na kiota kinabaki hivyo. Zima simu. Enda na boti mapema, nyamaza, utawaskia wenyewe dume na jike wakijibizana.

Sasa manyoya. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inahesabu unyoya na yai kuwa nyara, yaani kitu kilichotoka kwa mnyamapori, na kifungu cha 95 kinasema ukipatikana na nyara bila kibali ni faini isiyopungua shilingi milioni 1, ama jela isiyopungua miaka 5, ama zote mbili. "Niliokota tu" tumeisikia sana, na sheria haijauliza kama uliokota. Kifaranga cha korongo taji ulichokipata shambani pia usikifuge, hata kama watoto washakipa jina, pigia KWS, Shirika la Wanyamapori Kenya.

Wenye droni, someni hapa polepole. Kibali cha kwanza ni cha KCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Kenya, kwa kanuni za 2020. Cha pili ni cha KWS, unakiomba kivyake, kabla ya safari, sio getini. Kimoja hakisimami badala ya kingine, na risiti ya kiingilio ya eCitizen, ule mtandao wa serikali wa kulipia, sio kibali cha droni. Ukija na karatasi ya KCAA peke yake ranja atakurudisha, na tafadhali usitupigie Jumapili tumwambie akufungulie.