Wananchi wakishainuka wenyewe, shirika linafanya kazi gani?

Vijana wanaoanza kazi kwenye mashirika ya haki hapa Dodoma wananiuliza sana hili swali. Wananchi wa sehemu fulani wamechoka, wameshaanza kukusanyika wenyewe, sasa sisi tunaingiaje? Mimi ni wakili, nimekaa kwenye utetezi miaka mingi, na mashauri mengi niliyoyashika ni ya ardhi na fidia, maana mji huu toka serikali ihamie umepimwa kila upande, Ihumwa, Nala, Mtumba huko, mtu juzi alikuwa analima uwele leo anakuta bikoni katikati ya shamba.

Jibu langu la kwanza, acha bango la shirika ofisini. Nasema hivyo kwa sababu yalishatukuta. Kuna mtaa mmoja nje ya mji wananchi walisimamisha upimaji wenyewe, kina mama wamekaa barabarani na watoto mgongoni, sisi kwa nia njema kabisa tukapeleka fulana zenye nembo yetu na spika. Kesho yake habari ikageuka, ikawa hawa wametumwa, wamelipwa na NGO, na fidia yenyewe haikuzungumzwa tena wiki nzima. Mama mmoja mtu mzima akaniuliza shamba ni lake, imekuwaje tumemfanya kibarua wetu. Liliniuma sana na bado linaniuma.

Kazi ya shirika iko kwenye makaratasi, na iko nyingi kweli. Chukua ile taarifa ya kuwapa polisi kabla ya kuandamana. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi, Sura 322, kinataka anayeitisha mkusanyiko au maandamano ampe mkuu wa polisi wa eneo taarifa ya maandishi si chini ya saa 48 kabla, iseme mahali, muda na lengo. Watu wengi wanaita kibali, wanaenda kuomba, wakati sheria inasema taarifa. Polisi wanaweza kuzuia ndio, ila unaanza ukiwa umesimama kwenye haki yako ya Ibara ya 20 ya Katiba. Sisi tunasaidia kuandika, wanaosaini ni wananchi, na nakala lazima igongwe muhuri wa kupokelewa, bila huo muhuri mbele ya safari utabishana mpaka uchoke.

Usiku wa kabla ya siku yenyewe ndio mimi huwa silali. Unaandika majina ya wote watakaokuwa mbele na namba za ndugu zao, unatafuta wadhamini mapema, kila mmoja na kitambulisho chake na barua ya mtendaji wa mtaa, maana mtu akikamatwa jioni halafu ndio uanze kumtafuta mtendaji, huyo atalala ndani. Na kila mtu akariri mambo mawili, dhamana ya polisi hailipiwi, na aliyekamatwa anatakiwa apelekwe mahakamani ndani ya saa 24 kama hajapewa dhamana.

Halafu kesi. Kuishtaki serikali kunataka kwanza uipe notisi ya siku 90, kwa hiyo ukisubiri maandamano yapoe ndio uandike, umeshapoteza miezi mitatu. Tena marekebisho ya mwaka 2020 yalimtaka anayefungua shauri la haki za msingi aape kwenye kiapo jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika, yani shirika halikuweza tena kwenda tu kwa niaba ya umma. Wengi tulilalamika, na mimi nililalamika, ila yalitulazimisha kukaa nyuma ya mwenye shamba. Angalia Ngorongoro, Agosti 2024. Tangazo la serikali lilifuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96, Wamasai kwa maelfu wakatoka tarehe 18 wakaziba barabara ya kwenda Serengeti, na tarehe 22 Mahakama Kuu Arusha ikalisimamisha lile tangazo kwa shauri la mkazi wa hukohuko. Barabarani walikuwepo wenyewe, na jina la mahakamani lilikuwa lao.

Kuhusu hela jibu ni fupi tu, lipia nauli ya shahidi, fotokopi, wakili, usimlipe mtu posho ya kuandamana hata elfu mbili.

Kigumu kuliko vyote ni pale wanapoamua kitu ambacho wewe usingekiamua. Ule mtaa wa fulana mwishowe walikaa kikao chini ya mbuyu, mimi nikawaeleza fidia imechelewa zaidi ya miezi sita kwa hiyo riba ipo, tuidai, tutaipata. Wakasikiliza, wakaniuliza maswali mazuri tu, wakapiga kura wakasema wanataka viwanja mbadala kabla ya mvua kuanza, riba basi. Nikachukua kalamu nikaandika barua kama walivyosema, mwenyekiti wao akaisoma kwa sauti, wakasaini mmoja mmoja, wasiojua kuandika wakaweka dole gumba.